Mtandao si bando

Mwaka 2019 niliitwa kutengeneza printa katika ofisi ya chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Tanga. Nikiwa nimeinama chini ya meza nikamsikia mhasibu akimwambia karani, "Nimekutumia." Karani akajibu, "Bado haijafika." Meza zao zilikuwa zinatazamana; mtu angenyoosha mkono tu akampa mwenzake kalamu. Kilichokuwa kinatumwa ni orodha ya mikopo ya mwezi, nayo ilikuwa inapitia WhatsApp. Mhasibu akaitazama simu yake, akasema bando limeisha, akatoka nje kumwomba mlinzi amrushie salio. Orodha ikabaki pale pale.

Nafunga nyaya tangu 1994, kwanza za simu, baadaye za kompyuta, na hali hii nimeikuta zahanati, shuleni, kwenye maduka ya jumla na katika ofisi za kata. Kompyuta nne, kumi, hata ishirini zimo katika jengo moja, lakini kila moja inaishi peke yake kama mgeni wa gesti. Faili likitakiwa kuhama meza, linavuka bahari hadi kwenye seva za watu, kisha linarudi chumba kile kile lilikotoka. Lisipopita huko linabebwa na flashi, na flashi haikosi kubeba virusi. Gharama ya safari hiyo inalipwa kila siku, ila haionekani kwenye kitabu cha matumizi, kwa sababu aghalabu inatoka mfukoni mwa karani.

Naamini neno lenyewe limetuponza. Tukisema "hakuna mtandao" tuna maana bando limeisha au mnara una hitilafu. Lakini mtandao ni kitu kilichotandwa, na kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya mmoja tayari ni mtandao, hata kama mji mzima hauna intaneti. Mei 1973, Bob Metcalfe alipoandika waraka wa kueleza mfumo alioupa jina la Ethernet, katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, California, haja yake ilikuwa kuziunganisha kompyuta na printa za jengo lao. Nyaya ninazozivuta leo katika madarasa ya Tanga zinafuata mfumo uliotokana na waraka ule.

Kwa hiyo namwambia mkuu wa shule, mganga mfawidhi, mwenyekiti wa chama na mwenye duka: kabla hujatia saini mkataba wa intaneti, vuta waya ndani ya jengo lako. Na siku hiyo hiyo ya kuvuta waya, nunua diski ya pili. Sehemu ya kwanza ya ushauri huu naijua tangu ujana wangu. Ya pili nimejifunza kwa hasara, tena hasara iliyowaangukia watu wengine.

Nianze na waya, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi zinapotea kimya kimya. Boksi la waya lina mita 305. Dukani utawekewa maboksi mawili yanayofanana, moja bei yake nusu ya lingine au chini ya hapo. La rahisi mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu. Mimi nikienda Kariakoo natembea na kisu kidogo. Naomba kipande, nakikwangua. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Alumini itakuonyesha weupe. Hata ukilibeba boksi lenyewe utajua, maana la alumini ni jepesi. Waya huo utafanya kazi siku ya makabidhiano, wakubwa watapiga picha, lakini alumini haipendi kukunjwa, inakatika ndani ya ganda pale inapopinda kona ya ukuta. Niliwahi kuitwa katika shule moja ya bweni wilayani Muheza, ambako nusu ya kompyuta za maabara zilikuwa zimetangazwa kuwa mbovu, zimefunikwa vitambaa kabisa. Mashine zilikuwa nzima. Kilichokufa ni waya, mwaka wa pili tu tangu ufungwe.

Kisha kuna kubana plagi. Ndani ya waya mna nyuzi nane, jozi nne: ya machungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Mpangilio tunaoutumia sisi ni mweupe-machungwa, machungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia, na uwe huo huo ncha zote mbili. Uzi mmoja usipogusa vizuri, mara nyingi kompyuta haitakwambia lolote. Itaendelea kufanya kazi, ila kwa mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1,000, kwa sababu mwendo mdogo unahitaji jozi mbili tu na ule mkubwa unazidai zote nne. Video ya somo yenye gigabaiti 4, ambayo ingehama kwa chini ya dakika moja, itachukua dakika sita, na mwalimu ataamini kwamba kompyuta zimezeeka. Nimeona watu wakinunua mashine mpya kwa sababu ya uzi mmoja wa kahawia.

Kazi hii haihitaji shahada. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu nilimfundisha kubana plagi Jumamosi moja asubuhi. Ya kwanza alikosea, ya pili akakosea, lakini ilipofika saa sita ukiziweka plagi zake na zangu kwenye kipimo huoni tofauti. Sasa shule yake haimwiti fundi kutoka mjini kwa kila ncha iliyochomoka. Natamani kila shule yenye chumba cha kompyuta iwe na koleo la kubania, kipimo cha taa nane na mfuko wa plagi mia, kama ilivyo na chaki.

Swichi, yaani kisanduku kinachokutanisha nyaya zote, isikusumbue. Ya milango minane ya gigabiti, isiyo na mambo mengi, inatosha ofisi ndogo. Kuhusu Wi-Fi, iache iwe ya simu na ya wageni. Majengo ya kale ya pwani yana kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na mawimbi ya Wi-Fi hayapenyi vizuri. Utanunua ruta tatu pale ambapo waya wa mita ishirini ungemaliza kazi. Waya wa shaba una uwezo wa kufika mita 100, na ofisi nyingi hazifikii hata nusu ya hapo. Ila kati ya jengo na jengo usiuvute. Masika moja radi ilipiga karibu na shule niliyokuwa nimeivutia waya wa shaba kutoka ofisi ya walimu hadi maktaba, kwa juu, ukipita hewani. Swichi mbili ziliungua na kompyuta tatu pamoja nazo. Tangu siku hiyo, kuvuka uwanja natumia nyuzi za kioo, au jozi ya antena zinazotazamana.

Ukishafunga waya, jengo linaanza kuwa na mali yake. Shule moja niliiwekea seva ndogo yenye programu ya Kiwix, ambayo inaihifadhi Wikipedia nzima kwenye diski na kuisomesha bila intaneti. Ile ya Kiingereza pamoja na picha zake inachukua karibu gigabaiti 100, na ya Kiswahili ni ndogo zaidi kwa mbali. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi jirani. Jumatatu yake simu yangu haikupumzika, kila mtu anauliza mtandao umekuwaje. Shule ile haikupiga. Nilipoipigia mimi, mwalimu wa taaluma aliniambia kidato cha pili wako maabara wanasoma habari za figo, na akataka kujua kwa nini nauliza.

Sasa nirudi kwa kile chama cha akiba na mikopo, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Siku ile ya printa nilimshawishi meneja. Nikavuta waya kwenye meza zote, nikafunga swichi, kisha nikachukua mafaili yote yaliyokuwa yametawanyika kwenye kompyuta tatu na kuyaweka pamoja kwenye ya mhasibu, ili kila mmoja ayafungue kutoka hapo. Walifurahi. Karani aliniambia sasa anarudi nyumbani mapema. Mimi pia niliondoka nikijisifu moyoni.

Sikuona nilichokuwa nimekifanya. Kabla sijaja, orodha zilikuwa zimesambaa ovyo, lakini usambaaji ule ulikuwa na kinga yake: nakala moja ya zamani huku, nyingine kwenye flashi, nyingine ndani ya simu ya mtu. Mimi niliondoa ovyo, nikaondoa na kinga. Kumbukumbu zote za wanachama zikawa zinazunguka kwenye diski moja. Nilimwambia meneja inafaa kununua diski ya akiba, akasema bajeti ya mwaka ujao, nami nikaitikia. Mwaka ujao ukapita na mwingine ukafuata.

Mwaka 2022, wakati wa mvua, umeme ulikatika mchana. Uliporudi ulirudi kwa kishindo, ukakatika tena, ukarudi. Kompyuta ya mhasibu ikawaka ikitoa sauti ya tik, tik, tik. Aliyewahi kuisikia sauti hiyo anaijua. Tuliipeleka diski Dar es Salaam kwa fundi anayefungua diski, akatuonyesha: vichwa vya kusomea vilikuwa vimekwangua sahani. Hapakuwa na cha kuokoa.

Chama kikatangaza wanachama walete vitabu vyao. Walikuja siku nyingi, foleni ikatoka mpaka barabarani, na karani akawa anaandika upya kila mtu hisa zake, akiba yake, mkopo wake. Alikuja mama mmoja anayeuza samaki pale Deep Sea, hapa hapa Tanga. Kitabu chake kilikuwa kimelowa maji ya chumvi, kurasa mbili zimegandana na wino umesambaa. Katika kurasa hizo yalikuwamo marejesho manne ya mkopo. Alikuwa amelipa, karani alikumbuka amelipa, lakini hapakuwa na mahali popote palipoandikwa. Aliniuliza mimi, kwa sababu alinijua kuwa ndiye fundi: "Mwanangu, si mlisema kompyuta haisahau?" Bodi ilikaa vikao vitatu kabla ya kumkubalia. Kosa lile lina sehemu yangu, na sitaki fundi mwingine alirudie.

Kwa hiyo namna ninavyofunga sasa ni hii. Natafuta laptopu iliyotumika ambayo kioo chake kimepasuka. Hakuna anayeitaka, bei yake ni ndogo, na kwa kazi ya seva kioo hakina umuhimu. Uzuri wake ni kwamba inakula umeme kidogo na ina betri yake yenyewe ndani: umeme ukikatika, mafaili yanafungwa kwa utulivu. Kompyuta ya mezani ya zamani inayokula wati 50 usiku na mchana itamaliza uniti 36 kwa mwezi. Laptopu ya wati 15 haifikishi uniti 11. Angalia tu betri isiwe imevimba, na ikivimba itoe siku hiyo hiyo. Ndani yake naondoa diski ya sahani na kuweka ya SSD. Juu yake naweka Debian, mfumo wa Linux usiolipiwa, pamoja na Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo inaiwezesha mashine ya Linux kuzihudumia kompyuta za Windows kama mwenzao. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, ofisi nyingi zinaambiwa mashine zao ni takataka. Kabla hujaitupa, jiulize kama haifai kuwa seva.

Halafu ndipo zinakuja diski mbili za nje. Wengi wakisikia diski mbili wanadhani nazungumzia kioo, yaani diski mbili ndani ya mashine moja zinazoandika kitu kile kile kwa wakati mmoja. Wazo hilo ni la zamani. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilieleza mwaka 1988 pamoja na mipangilio mingine ya namna hiyo, wakitetea matumizi ya diski nyingi za bei nafuu mahali pa moja ya ghali. Ni wazo zuri kwa ofisi isiyoweza kusimama hata saa moja. Lakini karani akifuta faili kwa bahati mbaya, kioo kitalifuta pande zote mbili. Virusi vya kufunga mafaili vikiingia, vitafunga pande zote mbili. Mwizi naye atabeba mashine nzima. Ofisi yenye fedha kidogo inunue kwanza diski ya kuchomoa, inayolala jengo lingine. Zangu ni mbili za kupokezana: moja imechomekwa wiki hii inapokea nakala kila usiku, nyingine iko mbali. Zote zimefungwa kwa nywila, maana kumbukumbu za wanachama ni siri zao, na tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ni wajibu wa kisheria pia.

Na usinunue diski ya nje barabarani kwa sababu imeandikwa terabaiti mbili kwa bei ya chakula cha mchana. Zipo flashi na diski ambazo zimechezewa zidanganye ukubwa wao. Zinapokea mafaili, zinaonyesha majina, lakini ndani ni tupu. Ijaze mpaka mwisho, kisha usome kila kilichomo, ndipo uiamini.

Kuhusu wingu, yaani kuhifadhi mafaili kwenye seva za mbali kupitia intaneti, sina ugomvi nalo. Nakala ya tatu iliyo mbali na Tanga ni ulinzi mzuri, na ofisi yenye intaneti imara iitumie. Ninachokataa ni kuwaambia watu wa zahanati ya kijijini kwamba wingu peke yake linatosha. Siku bando likiisha, muuguzi hawezi kulisoma jalada la mgonjwa aliyeketi mbele yake. Na kuirudisha gigabaiti 200 kwa laini ya simu ni kazi ya siku nyingi, wakati diski ya nje itaimaliza kabla ya ofisi kufungwa.

Chama kile tulikifungia upya mwishoni mwa 2022. Waya wa shaba tuliubakisha. Swichi mpya 70,000, laptopu 180,000, diski ya SSD pamoja na zile mbili za nje 400,000, na betri ya akiba ya kuilinda swichi 130,000. Jumla shilingi 780,000, bila ufundi, ambao sikuutoza. Mwaka ule ule bodi ilikuwa imetenga milioni mbili na nusu kwa kompyuta mpya ya meneja. Sisemi meneja asipewe kompyuta. Nasema mwenye kuandika bajeti, na mfadhili anayeleta kompyuta ishirini shuleni, waandike kwanza mstari wa waya na mstari wa diski, na makabidhiano yasifanyike mpaka mistari hiyo miwili imekamilika. Nimesoma orodha nyingi za vifaa vya zabuni. Nakutana na viti vya kuzunguka, vitambaa vya kufunikia mashine, hata saa ya ukutani. Diski ya nakala nimeikuta mara chache mno.

Kila Ijumaa karani anachomoa diski moja, anaiandikia tarehe kwenye kipande cha utepe mweupe, anaikunja ndani ya kanga, anaondoka nayo. Jumatatu anarudi na nyingine. Baada ya kila miezi mitatu napita pale, tunaichomeka diski iliyotoka mbali kwenye kompyuta isiyo na kitu, naye anachagua mwenyewe faili la kujaribu. Mara ya mwisho alifungua ukurasa wa mama wa Deep Sea. Marejesho yote yalikuwapo, yale manne yaliyobishaniwa yakiwa na alama ya bodi pembeni, mpaka la wiki iliyotangulia.